Waitikiaji wa Greenwich

Tamasha lilikuwa la saa mbili usiku, lakini Khalati alikuwa ameshavaa viatu tangu saa tisa alasiri. Alikaa kwenye kochi la sebuleni kwake, Hounslow, mkoba mapajani, mtandio mweusi umepigwa pasi, jicho likienda kwenye saa ya ukutani kila dakika. Nikamwambia bado mapema.

"Mapema kwako wewe uliyefika juzi," akanijibu. "Miye tiketi hii nimeikalia miaka miwili na nusu."

Ni kweli. Mwanawe alinunua tiketi mbili mwishoni mwa 2019, moja yake na moja ya mama yake, za kwenda kuwaona Queen katika kiangazi cha 2020. Ikaja korona. Ziara ikasogezwa hadi 2021, ikasogezwa tena hadi Juni 2022. Katika muda huo kijana alioa, akapata mtoto, na wiki ya tamasha mtoto akaanza kuota meno. Tiketi yake ikaniangukia mimi, niliyekuwa London kwa shughuli isiyohusiana hata kidogo na muziki. Niliipokea kwa adabu tu. Mimi ni mtu wa taarab. Roki nimezoea kuisikia kama mvua juu ya bati la jirani, najua inanyesha, lakini hainiloweshi.

Mwezi ule London ilikuwa mji wa wazee. Queen walikuwa na usiku kumi katika ukumbi wa The O2, kule Greenwich. Bustani ya Hyde Park ilikuwa ikimsubiri Elton John, miaka 75, tarehe 24, na kesho yake Rolling Stones, ambao Mick Jagger wao alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 79 na alikuwa ametoka kuugua korona siku chache nyuma. Usiku huo huo wa tarehe 25, Paul McCartney alipangiwa jukwaa kubwa la Glastonbury, wiki moja baada ya kufikisha miaka 80. Upande wa mashariki wa jiji ABBA walikuwa wamefungua ukumbi wao mpya ambamo hawaingii wenyewe; huingia taswira zao za kompyuta, zenye ngozi ya mwaka 1979 au karibu na hapo, na watu hulipa na kucheza. Na juu ya wote alikuwapo Malkia Elizabeth, aliyekuwa akisherehekea miaka 70 ya kiti chake. Sherehe ya muziki mbele ya kasri lake, tarehe 4, ilifunguliwa na Queen. Bendi iitwayo Malkia ikamfungulia Malkia shughuli. Waingereza hawakuona kichekesho chochote hapo.

Sasa mimi nilikuwa na swali langu, nalo ndilo lililonipeleka ukumbini. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mpiga besi, John Deacon, alistaafu mwaka 1997 na hakurudi. Wamebaki wawili: Brian May wa gitaa, wakati ule miaka 74, na Roger Taylor wa ngoma, miaka 72. Anayeimba ni Adam Lambert, Mmarekani aliyekuwa mtoto wa miaka tisa Mercury alipofariki, na ambaye umaarufu wake ulianzia kwenye shindano la televisheni mwaka 2009. Watu elfu ishirini, usiku baada ya usiku, wanakwenda kuangalia nini?

Siku moja kabla ya tamasha Khalati alinipeleka Feltham. Ni jirani na kwake, mwendo mfupi wa basi, kitongoji cha nyumba za ghorofa moja zilizobebana, vibustani vya mbele, na ndege za Heathrow zinazopita chini hadi mtu unainamisha kichwa. Katika mtaa wa Gladstone Avenue ipo nyumba ya kawaida kabisa yenye kibao cha buluu cha mviringo ukutani. Hapo ndipo familia ya Bulsara ilipofikia baada ya kuondoka Unguja mwaka 1964. Kijana wao Farrokh, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, alikuwa na miaka 17. Alikuwa amesoma bweni Panchgani, India, akarudi kisiwani kwa muda mfupi, kisha ikaja Januari ile ya Mapinduzi na familia ikafungasha. Jina la Freddie Mercury alijipa baadaye.

Nyumba ina wenyewe, wanaishi. Kwa hiyo tulisimama upande wa pili wa barabara kama watu wanaosubiri teksi. Kilichonishangaza si kibao. Kilichonishangaza ni Khalati aliponyoosha kidole upande mwingine na kuniambia kwamba Brian May naye alikulia huku huku, nyumba zao zikiachana kwa mitaa michache, na wavulana wale wawili hawakujuana mpaka walipokuwa vyuoni. Mmoja alikuwa akitengeneza gitaa pamoja na baba yake kwa mbao za fremu ya meko kuukuu. Mwingine alikuwa mhamiaji mgeni anayetafuta pa kuanzia.

Khalati na wazazi wake waliondoka Unguja mwaka huo huo wa 1964, yeye akiwa na miaka 12. Nilidhani basi nimeupata uzi: mtoto wa kisiwani anampenda mtoto wa kisiwani. Nikamwambia hivyo. Akacheka mpaka akashika ukuta wa watu.

"Hebu! Nani alijua? Mwaka 75 nilikuwa nafanya kazi jikoni, kantini ya kiwanda, na redio iko juu ya jokofu. Wimbo ule mrefu ulikaa namba moja wiki tisa. Tisa! Tulikuwa tunaosha sahani huku tunauimba, Mhindi, Mjamaika, Muirishi, na miye. Yeye mwenyewe hasemi katoka wapi. Nilijua baadaye sana kwamba ni wa kwetu, na nilipojua sikumpenda zaidi."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu kwetu Unguja jambo hili limekuwa la biashara na la ubishi. Waongoza watalii wamekuwa wakionyesha zaidi ya nyumba moja kuwa ndiyo aliyozaliwa. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, na jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ikapinga, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho ndogo Shangani, na watalii hupanga foleni. Wenyeji wengi hatuwezi kuimba hata wimbo wake mmoja mpaka mwisho. Khalati anaziimba zote, na Shangani hajaingia.

Tulitoka Hounslow kwa treni ya chini ya ardhi, tukabadilisha Green Park, na kuanzia hapo ikawa hakuna haja ya kutazama ramani. Ungewafuata tu wenye masharubu. Walikuwamo wanaume wa miaka sitini waliobandika masharubu ya bandia, na wasichana wa miaka kumi na sita waliochora ya wino. Walikuwamo waliovaa koti la njano lenye mikanda, lile la Mercury wa Wembley 1986. Mbele yetu alikaa mzee mwenye fimbo na fulana iliyofifia ya ziara ya miaka ya sabini, akiwa na binti yake na mjukuu; mjukuu ndiye aliyekuwa akimweleza babu mpangilio wa nyimbo za usiku uliotangulia, kwa kuwa ameshausoma simuni. Babu alikuwa anaziba masikio. Hakutaka kuharibiwa.

North Greenwich ni kituo kikubwa, na ukipanda ngazi za umeme unatokea mbele ya lile hema jeupe la mwaka 2000 lenye milingoti kumi na miwili ya njano. Ndani, viti vyetu vilikuwa juu kabisa. Naomba nieleweke: juu kabisa. Safu zimeinuka kama ngazi za mnara wa msikiti, na anayekaa mbele yako kichwa chake kiko usawa wa viatu vyako. Khalati alipanda hatua kwa hatua ameshika chuma, ananong'ona bismillahi, na alipokaa hakusimama tena mpaka alipoona watu wote wamesimama. Bei ya tiketi zile sitaitaja kwa heshima ya mwanawe. Ni pesa ambayo kijana wa mjini, mwenye kodi ya nyumba kila mwezi, huifikiria mara tatu.

Na hapa pana sababu moja ya wazi ambayo haihitaji falsafa. Zamani bendi ilizunguka miji ili iuze sahani za santuri; ziara ilikuwa tangazo. Leo nyimbo zote ziko simuni karibu bure, na pesa imehamia mlangoni. Wanaoweza kulipa mlangoni ni nani? Ni wale waliokuwa vijana mwaka 1975, ambao sasa nyumba wamemaliza kuzilipia na watoto wamewatoa. Ukumbi ule ulikuwa umejaa pensheni. Lakini hilo linaeleza nusu ya viti. Halimwelezi mjukuu.

Taa zikazimika. Sitawasimulia onyesho zima, maana lilikuwa na mapungufu yake. Brian May aliinuliwa juu ya jiwe lililotengenezwa kama kimondo, sayari zikimzunguka kwenye skrini, akapiga gitaa peke yake kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko uhai wa baadhi ya ndoa. Sayari si mapambo matupu. May ni mwanafalaki msomi, aliyeiacha shahada yake ya uzamivu miaka ya sabini kwa ajili ya bendi na kuimaliza mwaka 2007. Hata hivyo nilisinzia. Roger Taylor alikuwa na mpigaji mwingine pembeni wa kumsaidia kwenye mapigo, jambo la busara kwa mtu wa miaka 72. Adam Lambert ana koo ambalo sijawahi kusikia mfano wake kwa karibu, na ana akili ya kutojifanya yeye ndiye marehemu. Anaimba kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba ya watu: anatumia kila chumba lakini hahamishi samani.

Kisha May akaketi peke yake mwisho wa jukwaa refu lililoingia katikati ya watu, na gitaa lisilo la umeme. Akaanza "Love of My Life". Ubeti wa kwanza aliuimba kwa sauti ya uzee, nyembamba. Baadaye akanyamaza na kuendelea kupiga tu. Wimbo haukukatika. Watu elfu ishirini waliuchukua pale pale alipouacha, tochi za simu zimewashwa, neno kwa neno, wala si kwa kelele. Kwa sauti ya chini kama watu wanaosoma dua. Khalati alikuwa anaimba amefumba macho. Mercury akatokea kwenye skrini, kanda ya zamani, akaimba kipande cha mwisho, na mzee yule akanyoosha mkono kuelekea picha. Nilitaka kuiona ni hila ya biashara. Ni hila. Na koo langu lilikabwa.

Nikakumbuka kitu ambacho mwanawe Khalati alikuwa amenieleza mezani. Mwaka 1977, mjini Stafford, Queen walimaliza kupiga na kuondoka jukwaani, watu wakagoma kutoka. Badala ya kupiga makofi wakaanza kuimba wimbo wa mashabiki wa mpira, wakiwaimbia wao. May amesimulia mara nyingi kwamba baada ya usiku ule aliwaza: umati uliobanana, usio na nafasi, unaweza kufanya nini? Unaweza kukanyaga chini. Unaweza kupiga kofi. Unaweza kuimba. Akatunga "We Will Rock You", kishindo, kishindo, kofi, na wakaurekodi katika kanisa la zamani lililogeuzwa studio, wakikanyaga mbao na kulirudufu pigo mpaka likawa la watu wengi. Wimbo ule hauna ngoma ndani yake. Ngoma ni msikilizaji.

Hapo ndipo swali langu liliponigeukia. Nilikuwa nauliza kama magazeti ya Kiingereza, ambayo kila mwaka huuliza: je, hii bado ni Queen, au ni bendi ya kuiga yenye wenyewe wawili? Mtu wa Mji Mkongwe anauliza swali hilo kwa nini? Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Malindi, Unguja, ilianzishwa mwaka 1905. Walioianzisha mwaka ule wamezikwa wote, na waliowarithi wamezikwa, na waliowarithi hao pia wengi wao. Hakuna aliyewahi kusimama mlangoni kuuliza kama hii bado ni Ikhwani Safaa. Mwimbaji akifa anaimba mwingine, na nyimbo zinabaki mali ya kikundi na ya wale wanaozijua. Bara kuna Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964. Imebadilisha jina na imezika waimbaji, na watu wanaendelea kuifuata kwa zilipendwa zake. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa na umri ambao hata yeye hakuuhesabu, akaendelea kuimba karibu mpaka kifo chake mwaka 2013, na Wazungu walijaa kumsikiliza. Walioona ajabu ni wao.

Tofauti ni kwamba wao walijengewa imani kuwa bendi ni sura ya mtu: mtu akizeeka imezeeka, akifa imekufa. Sisi tumezoea kwamba wimbo una muimbaji na una waitikiaji, na asiye na waitikiaji ajiimbie bafuni. Hawa wa Queen, kwa kujua au kwa bahati, waliacha nafasi ya waitikiaji ndani ya nyimbo zenyewe. Hata ule wimbo mrefu wa 1975: Mercury akiwa hai, wakiupiga ukumbini, kile kipande cha katikati cha sauti nyingi kilipigwa kwa kanda huku wao wamo nyuma ya jukwaa. Jukwaa tupu, watu wakiimba na kanda. Tangu zamani, basi, haikuwa lazima wawepo.

Lakini nafasi ya kuitikia peke yake haitoshi. Lazima watu wawe wanakijua kiitikio, wote, kwa pamoja. Uingereza ya 1975 ilikuwa na chaneli tatu za televisheni. Kipindi cha muziki kilikuwa cha Alhamisi, na nchi nzima ilikitazama, anayependa na asiyependa. Redio ya kantini ilikuwa moja, na Mhindi na Muirishi hawakuwa na hiari. Leo kila mtu ana muziki wake masikioni, aliochaguliwa na mashine kulingana na jana yake, na wanamuziki wazuri wapo tele, pengine kuliko zamani. Wanachokosa ni ile kantini. Msanii wa leo anaweza kusikilizwa mara bilioni moja na jirani yako asimjue jina. Ndiyo maana mjukuu aliyekuwa kwenye treni anakuja kwa wazee: filamu ya 2018 kuhusu Queen ilimleta mlangoni, viwanja vya mpira vilikuwa vimeshamfundisha viitikio tangu utotoni, na hapa ndipo anapokuta umati unaojua wimbo mmoja kwa moyo. Nami nakumbuka nimeusikia "We Are the Champions" ukipigwa kwetu timu ikikabidhiwa kombe, na watu wakiitikia bila kujua ni wa nani wala kwamba aliyeuimba alizaliwa hatua chache kutoka baharini hapo.

Wanaosema watu hawa wanatafuta ujana wao sikatai, ila wamezoea kuishia hapo. Khalati hakuwa na ujana wa kutamani. Alikuwa na mikono iliyochubuka kwa sabuni na mji ambao haukumtaka sana.

Karibu na mwisho Mercury alitokea tena kwenye skrini, Wembley 1986, koti la njano, akirusha sauti na kuwataka watu wamrudishie. Wakamrudishia. Akapandisha, wakapandisha. Nilisikia sauti karibu yangu ambayo sikuitambua, ilikuwa yangu. Marehemu wa miaka thelathini anaita, na mimi mtu wa taarab nimesimama safu ya juu kabisa, nimeshika chuma, naitikia. Khalati alinitazama kwa upande, hakusema kitu, ila alinipa peremende kutoka mkobani kama alivyokuwa akinipa nilipokuwa mtoto na yeye amekuja likizo.

Kutoka nje ilichukua karibu saa nzima. Ndani ya treni kila mtu amebanwa na kila mtu amechoka, vijana wamekaa chini, wazee wamepewa viti. Mahali fulani baada ya Waterloo mtu mmoja akakanyaga sakafu mara mbili. Behewa likapiga kofi. Akakanyaga tena. Khalati, miaka 70, mkoba mapajani, alipiga lile kofi la tatu kwa wakati wake bila kukosea hata mara moja, mpaka Green Park tulipobadilisha.

Nyumbani mwanawe alitufungulia mlango na mtoto begani. Akauliza ilikuwaje.

"Klabu ya Malindi," Khalati akasema, akiniuliza mimi badala ya kumjibu yeye, "bado wanafanya mazoezi usiku?"

Nikamwambia wanafanya.

Ziara ile iliendelea Ulaya, ikavuka hadi Marekani, na ikamalizikia Tokyo Februari 2024, Brian May akiwa na miaka 76 na Roger Taylor miaka 74. Mwaka huo Ikhwani Safaa walitimiza miaka 119.